Barua ya wazi: Ruhusuni darasa la udereva la mtandaoni, lakini mtihani ubaki mikononi mwenu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA,
Kwa waheshimiwa wabunge wa Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu,

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa udereva mjini Kisumu. Wanafunzi wangu wengi siku hizi huja darasani wakiwa wameshajifunza jambo kwenye simu: video fupi kuhusu klachi, programu ya alama za barabarani, au kozi nzima waliyolipia mtandaoni na kutumiwa cheti chenye muhuri wa kupendeza. Huniuliza, "Mwalimu, hiki kinatosha?" Swali hilo halifai kujibiwa na mimi. Linafaa kujibiwa na nyinyi, tena kwa maandishi ambayo mwanafunzi, mzazi, mtahini na askari wa trafiki watayaelewa namna moja.

Ninachoomba ni hiki. Masomo ya nadharia yaruhusiwe kufundishwa mtandaoni kwa masharti yaliyoandikwa waziwazi, na cheti cha mtandaoni kisimpeleke mtu yeyote barabarani kabla hajafanya mtihani ana kwa ana na kumaliza saa za usukani ambazo mwalimu mwenye leseni amezitia sahihi.

Najua wapo wenzangu ambao wangependa niwaombe mpige marufuku. Siwezi. Fikirini kijana wa kisiwa cha Mfangano anayetaka leseni. Hupanda boti hadi Mbita, kisha feri hadi Luanda Kotieno, kisha matatu hadi Kisumu, ili akae darasani aambiwe alama ya kusimama ina pembe nane. Akitaka kurudi siku hiyohiyo hawezi, kwa hiyo atafute jamaa wa kumlaza. Fikirini pia bawabu anayelinda usiku kucha, au mwendesha boda wa Kondele ambaye kila asubuhi anayokaa darasani ni asubuhi ambayo nyumbani kwake hakuna kilichopatikana. Watu hawa hawakimbii masomo. Darasa ndilo liko mbali nao, na wengi huishia kuendesha bila leseni au kutafuta njia za kuzunguka mbuyu. Kama somo la alama, sheria na ufundi wa gari linaweza kuwafuata walipo, sioni sababu ya kuwazuia.

Isitoshe, darasa letu la ana kwa ana lina kasoro zake, na kila aliyepitia shule ya udereva nchini anazijua. Watu huzunguka ule ubao wenye mji wa mfano, barabara zimechorwa, vigari vya kuchezea vimepangwa. Kila mmoja husubiri zamu yake ya kusukuma kigari huku akikariri maneno yaleyale: naangalia kioo cha ndani, naangalia kioo cha pembeni, natoa ishara. Anayesimama nyuma haoni ubao, anasikia tu. Baada ya wiki kadhaa anayajua maneno kama wimbo, na ukimuuliza kwa nini dereva hutoa ishara kabla ya kugusa breki, ananyamaza. Somo zuri la mtandaoni, lenye picha zinazosogea na nafasi ya kurudia mara nyingi upendavyo, linaweza kumfundisha mtu huyo kuliko nifanyavyo mimi nikiwa na kundi kubwa na ubao mmoja.

Nitoe mfano wa jambo ambalo simu ingelifundisha vyema. Kutoka Mau Summit kuelekea Nakuru barabara inateremka kupitia Sachangwan na Salgaa, na upande mwingine, kutoka nyanda za juu za Kericho kuja Muhoroni na Ahero, kuna miteremko mirefu vilevile. Madereva wa malori wamekuwa na mazoea ya kuweka gari frii, yaani bila gia yoyote, wakiteremka ili kuokoa mafuta. Gari likiwa frii, injini haizuii chochote, uzito wote unabaki kwa breki. Dereva anakanyaga, anaendelea kukanyaga, breki zinapata moto, na moto ukizidi zinakosa nguvu ya kushika hata kama hazijaharibika. Anayeteremka na gia nzito, yaani ya namba ndogo, injini inamshikia gari, na breki anazitumia kwa vipindi vifupi. Maelezo hayo yote ni ya nadharia. Yanahitaji mchoro wa ngoma ya breki, video ya lori kwenye mteremko, na mtu wa kueleza kwa lugha inayoeleweka. Darasani kwetu hutajwa kwa sentensi moja, kisha tunarudi kwenye vigari vya kuchezea.

Sisi wa ukanda huu hatuhitaji kuelezwa kwa nini jambo hili ni zito. Oktoba 2018, basi lililokuwa likija magharibi kutoka Nairobi lilianguka Fort Ternan, na zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori liliwaparamia watu waliokuwa kando ya barabara wakiuza na kununua, na zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Agosti 2025, hapa kwetu Mamboleo, basi lililobeba waombolezaji lilipoteza mwelekeo kwenye raundabauti ya Coptic, watu zaidi ya 20 wakaaga dunia. Sisemi kozi ya simu ingezuia ajali hizo. Kila moja ilikuwa na mambo yake, na mengine hayakuwa ya dereva peke yake. Lakini nchi inayozika zaidi ya watu 4,000 wa barabarani kila mwaka haiwezi kuliacha somo la udereva mikononi mwa yeyote mwenye tovuti.

Hapo ndipo hofu yangu inapoanzia. Masomo mengi ambayo vijana wetu huyapata bure kwenye YouTube yametengenezwa Marekani, ambako magari hukaa upande wa kulia wa barabara. Raundabauti yao huzungukwa kinyume cha mwendo wa saa, na anayeingia humpisha anayekuja kutoka kushoto kwake. Yetu huzungukwa kwa mwendo wa saa, na anayeingia humpisha anayekuja kutoka kulia. Tena katika majimbo mengi ya Marekani dereva anaruhusiwa kukunja kulia taa ikiwa nyekundu, mradi asimame kwanza na ahakikishe njia ni wazi. Kwetu taa nyekundu ni kusimama. Mwanafunzi aliyekaa miezi na video hizo hujikuta Kondele akiangalia upande usiofaa, huku tuktuk ikimjia kutoka upande mwingine. Nimewafundisha wa namna hiyo. Wana akili nyingi na wamesoma kwa bidii, lakini walichokisoma ni barabara za nchi nyingine.

Kwa hiyo sharti la kwanza la sheria liwe kwamba hakuna kozi ya mtandaoni itakayotambuliwa Kenya isipokuwa imepitiwa na kuidhinishwa na NTSA, somo kwa somo, ikiwa imejengwa juu ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na mtaala wa mamlaka yenyewe. Nambari ya idhini ionekane kwenye ukurasa wa kwanza, na mtu yeyote aweze kuihakiki kwenye tovuti ya mamlaka kabla hajatoa hata shilingi. Sheria inamtaka mwalimu wa udereva awe na leseni ya kufundisha. Basi kozi ya mtandaoni nayo iwe na mwalimu mwenye leseni anayewajibika, jina lake liandikwe, na mwanafunzi akiwa na swali awe na wa kumuuliza.

Wenzetu waliotangulia wametuachia mengi ya kujifunza. California inamruhusu kijana kusomea nadharia mtandaoni, lakini shule inayomfundisha lazima iwe na leseni ya idara ya magari ya jimbo. Akimaliza kozi hapewi ufunguo. Aliye chini ya miaka 18 anatakiwa kukaa na kibali cha kujifunza kwa miezi 6, afanye saa 6 za usukani na mwalimu wa kulipwa, kisha saa 50 za mazoezi na mtu mzima mwenye leseni aliyetimiza miaka 25, na kati ya hizo saa 10 ziwe za usiku. Texas inamtaka anayeomba leseni ya kwanza akiwa na miaka 18 hadi 24 amalize kozi ya saa 6, na anaweza kuifanya mtandaoni. Katikati ya masomo anaulizwa maswali yanayomhusu yeye mwenyewe, ili ijulikane kwamba aliyejiandikisha ndiye anayesoma.

Ujerumani ina mkono mzito zaidi: kwa gari dogo, vipindi 14 vya nadharia vya dakika 90 kila kimoja, halafu miongoni mwa masomo ya usukani lazima kuwe na vipindi maalum 5 vya barabara za nje ya mji, 4 vya barabara kuu za kasi na 3 vya gizani. Uingereza nayo imechagua njia tofauti kabisa. Haimlazimishi mtu kuingia darasa lolote la nadharia. Asome kwa kitabu, kwa simu au kwa mjomba wake, ni juu yake. Lakini kabla ya mtihani wa barabarani lazima aende kituoni, atambuliwe, ajibu maswali 50 na kupata angalau 43, kisha aoneshwe video 14 za barabarani na kubonyeza kila anapoona hatari inaanza kujitokeza. Mtihani huo wa hatari uliongezwa mwaka 2002.

Binafsi naona njia ya Uingereza ndiyo inayotufaa zaidi kwa upande wa nadharia, na ya California kwa upande wa usukani. Nchi yetu ina udanganyifu mwingi wa vyeti, na kumsimamia mwanafunzi mbele ya skrini kwa kila dakika ni kazi kubwa na ya gharama. Binamu anaweza kumsomea. Rafiki anaweza kushika simu huku mwenyewe yuko shambani. Wekeni maswali ya utambulisho kama Texas, wekeni kipimo cha muda kinachozuia mtu kuruka kurasa, hayo yote ni mazuri. Lakini nguvu kubwa iwekwe penye mlango mmoja: mtihani wa nadharia unaofanyiwa kituo cha mamlaka, kitambulisho kimekaguliwa, maswali yamechanganywa na kompyuta ili wawili walioketi jirani wasipate karatasi moja. Binamu aliyemsomea hataingia naye humo. Tena mtihani huo utatupima na sisi wa darasa la kawaida, jambo ambalo siliogopi.

Sasa usukani. Hapa nawasihi msilegeze hata kidogo, na mkipata nafasi ya kukaza, kazeni. Mguu haujifunzi klachi kwa kutazama. Kuna mwanafunzi anayeweza kukueleza vizuri sana namna ya kuondoa gari kwenye mwinuko bila kurudi nyuma, na siku akisimamishwa mlimani nyuma yake kuna lori, magoti yanatetemeka na gari linazima. Anahitaji kuzimikiwa mara nyingi akiwa na mtu mtulivu kando yake. Anahitaji kuendesha mvua ya jioni ikinyesha Kisumu, maji yamefunika mashimo na boda zinapita pande zote mbili. Anahitaji usiku, ambao wanafunzi wetu wengi hawauoni kabisa kabla ya leseni kwa sababu shule hufunga jioni. Wekeni idadi ya chini ya saa za usukani, na ndani yake wekeni saa za usiku. Kila saa iandikwe kwenye daftari la kidijitali: tarehe, muda, njia, nambari ya gari, sahihi ya mwalimu na uthibitisho wa mwanafunzi kutoka simu yake mwenyewe. Mwanafunzi asipothibitisha, saa hiyo haihesabiwi. Hilo litaumiza shule zinazoandika saa kumi mtu akiwa ameendesha mbili, na zinastahili kuumia.

Kanuni za Michuki za Februari 2004, zile za matatu zilizoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilieleweka haraka kwa sababu zilitaja vitu vinavyoonekana kwa macho: mkanda kwenye kila kiti, kidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni, sare ya dereva na kondakta. Askari hakuhitaji kubahatisha. Nawaombeni kanuni za masomo ya mtandaoni ziandikwe kwa moyo huohuo. Mkiandika kwamba kozi iwe "ya ubora unaofaa", kila mtu ataamua ubora wake na mahakama zitajaa kesi. Mkiandika muda wa chini wa kila mada, idadi ya maswali, nambari ya idhini na jina la mwalimu, mkaguzi atafungua simu na kuona kipo au hakipo.

Kuna suala la lugha ambalo nalishikilia sana. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo sehemu kubwa ya maandishi ya udereva ambayo wanafunzi wangu huletewa ni ya Kiingereza, na mwendesha boda aliyeishia darasa la sita huyakariri bila kuyaelewa. Kozi yoyote itakayoidhinishwa ipatikane kwa Kiswahili kamili, sauti na maandishi, na mtihani vivyo hivyo. Mtu achague lugha yake mwanzoni bila kuulizwa kwa nini. Katiba hiyohiyo inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na video ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumfundisha kiziwi sheria za barabara. Sharti hilo liwekwe tangu mwanzo, maana kuliongeza baadaye huwa ni ahadi tu.

Kuhusu intaneti nitasema machache. Mtandao wa visiwani na wa vijiji vya ndani Siaya si wa kutegemewa, na bando ni ghali. Kozi iruhusu masomo kupakuliwa na kusomwa bila mtandao, rekodi zitumwe mtandao ukirudi.

Data za watu, hilo ni zito. Kozi ya mtandaoni inayotaka kuthibitisha mwanafunzi itachukua picha ya uso wake, nambari ya kitambulisho, na pengine alama ya kidole. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu alama za mwili kuwa data nyeti. Kampuni itakayopewa idhini iwe imesajiliwa na Kamishna wa Data, ieleze kwa Kiswahili inachukua nini na itakihifadhi kwa muda gani, na izuiwe kuuza orodha ya wanafunzi kwa wakopeshaji wa simu na wauzaji wa bima. Kijana anayetafuta leseni asijikute anapigiwa simu na watu asiowajua kwa sababu tu alitaka kujifunza alama za barabarani.

Halafu pesa. Bei nzima ioneshwe kabla ya malipo, ikitenganisha ada ya kozi na ada za serikali, kwa kuwa wengi huamini wakilipia kozi wamelipia na leseni. Anayeacha kozi mapema arudishiwe sehemu yake ndani ya muda uliotajwa. Na tangazo lolote linaloahidi leseni bila mtihani lihesabiwe kosa lenye faini, na mwenye tangazo apoteze idhini.

Nimesikia hoja ya walimu wenzangu kwamba mtandao utatunyang'anya mkate. Naielewa, nami nina watoto shuleni. Lakini nadharia ikihamia kwenye simu na saa za usukani zikiongezwa na kuhakikiwa, kazi ya mwalimu inakuwa nyingi zaidi, na inakuwa ile kazi ambayo hasa tuliisomea. Wanaopaswa kuwa na wasiwasi ni wenye chumba na ubao lakini hawana gari lenye breki nzuri.

Naomba msianze na nchi nzima. Chagueni kaunti chache, na Kisumu, Homa Bay na Nakuru ziwemo, kwa kuwa tuna mji, ziwa, visiwa na miteremko yote kwa pamoja. Anzeni na madaraja ya leseni za pikipiki na tuktuk, ambako uhitaji ni mkubwa na wanafunzi hawana muda wa darasa. Baada ya mwaka mmoja tangazeni hadharani wangapi walisoma mtandaoni, wangapi darasani, na kila kundi lilifaulu vipi mara ya kwanza.

Na kabla ya hapo, rasimu ije kwetu. Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 inataka wananchi watakaoguswa na kanuni washirikishwe. Tunaomba kikao kifanyike Kisumu na si Nairobi pekee, kifanyike Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada ili waendesha boda na walimu waweze kufika, na rasimu yenyewe itolewe kwa Kiswahili angalau wiki mbili kabla, ibandikwe kwenye ofisi za machifu na kwenye vituo vya boda. Nitakuja nayo ikiwa imepigwa mistari, na wanafunzi wangu wa zamani wanaoendesha matatu za Kakamega na Busia wamesema watakuja pia.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa udereva, Kisumu